Sauti ya Kumwita Simiyu

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja hapa Bungoma, kijana mwenye kibanda karibu na stendi. Nilipokuwa nimesimama nikimngoja, akagusisha chuma chake cha moto kwenye risasi ya kuunganishia waya, na moshi mwembamba ukapanda. Moshi ule una harufu ya utomvu wa mti uliochomwa, tamu kidogo, chungu kidogo. Kwa watu wengi ni harufu tu ya duka la fundi. Mimi ilinibidi nishike ukingo wa meza. Kijana akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na ni kweli nilikuwa nimekula, ila miguu yangu ilikuwa imesharudi Matisi, Kitale, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili, mwaka ule mdogo wangu Simiyu alipopotea.

Nianze na Simiyu mwenyewe, kwa sababu bila kumjua hamtaelewa kwa nini baba alifanya alichofanya.

Simiyu alizaliwa akiwa mzima. Alipokuwa anajifunza kutembea akashikwa na homa ya uti wa mgongo, na alipotoka hospitali masikio yake yalikuwa yamebaki na kazi kidogo sana. Ungeweza kusimama nyuma yake ukapiga kelele mpaka majirani watoke nje, asigeuke. Lakini sauti nzito, zile zinazoingia kwa kifua kabla ya kuingia kwa sikio, alizipata. Ngurumo aliipata. Kinu cha kusaga unga alikipata kikiwa mbali, na mama alipotutuma unga hakuna aliyekuwa na furaha kama yeye. Alikuwa akienda moja kwa moja kuegemea ukuta wa kinu, akafumba macho na kutabasamu kama mtu aliyelala kwenye jua. Maneno hakuwa nayo. Jina lake mwenyewe hakulijua. Sisi tulikuwa tukimwita kwa kugonga. Baba alikuwa akigonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja, kisha mara mbili za haraka: dum, dum-dum. Simiyu akiwa sakafuni alisikia ule mtikisiko kwa magoti yake, akaja mbio kula. Hilo ndilo lilikuwa jina lake.

Baba yangu alikuwa karani katika ghala la mahindi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye redio. Alikuwa na mchoro wa amplifaya, umechakaa kwenye mikunjo mpaka ameubandika kwa gundi juu ya kadibodi. Ulikuwa mchoro wa zamani, ambao mafundi wa redio wa rika lake waliujua kama watu wanavyojua nyimbo za kanisani. Alinieleza siku moja jinsi ulivyofanya kazi. Kulikuwa na transista mbili kubwa, kila moja kama kofia ndogo ya chuma. Moja inasukuma sauti, nyingine inaivuta, zinapokezana kama watu wawili walioshika msumeno mrefu wa kupasulia magogo. Moja ikichoka, alisema, kazi yote inasimama. Alikuwa ameanza kuiunda kwa ajili ya kanisa letu, na kwa sababu ya hiki na kile ikabaki nusu, ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda. Mama aliliita lile boksi mke mwenza. Wageni wakija, alikuwa akiwaonya wasilikanyage, ati bwana atakasirika.

Siku ile tulikuwa sokoni Kitale, baba, Simiyu na mimi. Mvua za mwaka zilikuwa zimekolea na baba alitaka kutununulia gambuti. Alikuwa amemshika Simiyu mkono. Muuzaji akampa kiatu akikague, na ili akikunje aone kama mpira umepasuka, baba akahitaji mikono miwili. Akaachilia ule mkono. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia nikijaribu kuingiza mguu kwenye gambuti lenye unga mweupe ndani. Nakumbuka nikilalamika kwamba linabana. Nakumbuka baba akicheka. Kisha akageuka upande wake wa kushoto, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine, wala siombei kuiona.

Ng'ambo ya soko kulikuwa na lori la wauza dawa za minyoo na meno, lenye spika zilizopangwa juu hadi kufika urefu wa mlango, na vijana wakicheza juu yake. Tulikuwa tumezoea malori ya namna hiyo, hata hatukuwa tukiyasikia tena. Tulipoanza kumtafuta Simiyu kati ya mabanda, chini ya meza, kwenye vyoo, lile lori lilikuwa limeshaondoka. Hakuna kati yetu aliyeliwaza. Baba alikuwa akiinama na kugonga chini kwa kiganja, kwenye tope, katikati ya miguu ya watu. Watu walimkwepa wakidhani amelewa. Jioni ilipokaribia, mama mmoja muuza omena aliyekuwa anafunga mizigo yake ndiye aliyetuambia kwamba aliona mtoto wa sweta ya kijani amebandika shavu kwenye zile spika, na kwamba alidhani ni mtoto wa wale wacheza ngoma.

Siku zilizofuata ninazikumbuka kwa vipande. Kituoni walichukua maelezo wakatuambia turudi nyumbani tukangoje. Mama hakungoja. Alivaa gambuti za baba akaingia mtaa wa mabanda wa Kipsongo, mlango kwa mlango, akiuliza watu ambao wenyewe walikuwa na watoto wa kutafutia chakula, na wengi wao wakaacha shughuli zao wakatembea naye. Kanisa lilitupatia kipaza sauti chake cha mkononi, chenye umbo la faneli, na wazee wawili wakazunguka nacho mitaani wakitangaza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya puani, kama ya mbu. Baba aliisikiliza akiwa mlangoni, akasema kwa upole tu, "Hiyo Simiyu hawezi kuisikia hata ikiwa ndani ya mfuko wake."

Kisha mjomba wangu, kaka yake mama, akaja kutoka Bungoma na pikapu aliyokuwa akiiendesha kwa tajiri wake. Alikuwa amelipata lile lori Bungoma mjini. Wale vijana hawakuwa wabaya. Walimwambia kwamba ni kweli, walikuta mtoto amelala nyuma ya spika, wakamteremsha kwenye soko moja njiani wakiamini ni mtoto wa pale aliyedandia. Soko gani? Hapo ndipo walipoanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alisema Kiminini, mwingine Kamukuywa, wa tatu alisema walisimama mahali pengi na mvua ilikuwa inanyesha.

Mama alikaa chini alipoyasikia hayo. Wenyeji wa kwetu mtaelewa kwa nini. Ule ulikuwa wakati ambapo mahindi yamempita mtu mzima kwa kimo. Kutoka Kitale kuteremka hadi Bungoma ni mahindi, pande zote mbili za barabara, shamba limeshikana na shamba. Mtoto akiingia humo humwoni. Mtoto mwingine utamwita, ataitika. Wetu angeweza kuwa hatua chache tu kutoka kwako, amejikunja kwenye mtaro, na ukapita ukiita mpaka sauti ikauke, asijue kwamba mtu amepita.

Mjomba na mama wakaondoka mara moja na pikapu kwenda kuanza kutafuta. Nilikuwa nimeshashika sweta yangu. Baba akasema, "Nekesa atabaki na mimi."

Mama alimwuliza atabaki kufanya nini.

Baba alikuwa amepiga magoti, mkono wake uko chini ya kitanda, anavuta lile boksi la viatu.

Mama alisimama pale mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, akamwangalia mumewe akipanga waya mezani. Alipozungumza hakuinua sauti hata kidogo. "Baba Nekesa, mtoto amepotea, na wewe unacheza na redio."

Baba aliondoa kadibodi ya mchoro akaiegemeza kwenye birika. Mama akaenda.

Nilimchukia baba siku ile. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu wazima na watoto wa mtaa mzima walikuwa nje wakimtafuta mdogo wangu, na mimi nimekalishwa kwenye kigoda kando ya jiko la makaa, nasoma rangi. Zile rezista, vipande vidogo kama punje za mchele vyenye miguu ya waya, zina mistari ya rangi inayosema nguvu zake. Baba alisema macho yake hayatenganishi vizuri nyekundu na kahawia, kwa hivyo nimsomee. Nikasoma. Njano, zambarau, nyekundu. Kahawia, nyeusi, kahawia. Yeye alirudia nilichosema, akakipima kila kimoja kwa mita yake yenye mshale, akaangalia mchoro, akakichomelea. Stima ilikuwa imekatika, kwa hivyo chuma kilikuwa kikipata moto kwenye makaa, na kila kilipopoa alikirudisha na kungoja. Huko kungoja ndiko kulikonitesa. Nikinyamaza, alisema, "Endelea, mama. Soma inayofuata." Nikimwambia hakuna inayofuata, alinipa ya akiba nisome hiyo.

Niliomba ruhusa niende hata hadi barabarani tu niangalie kama pikapu inarudi. Akakataa. Niliomba kwenda chooni, akasimama mlangoni mpaka nikarudi. Nilidhani haniamini.

Kazi ilipoisha alikuwa na kitu kilichoonekana kama utumbo wa kuku kimefungwa kwenye kipande cha bati. Akaomba betri kwa jirani aliyekuwa akiitumia kwa televisheni, akaunganisha, akaunganisha na spika. Kukatoka mvumo mzito, mzuri. Niliuhisi kwenye meno. Baba alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu sokoni nikaona macho yake yana mtu ndani. Akagonga meza palipowekwa maikrofoni. Dum. Bati lilitetemeka. Akarudia, na katikati ya ile ya tatu mlio ukakatika kwa mshindo mdogo, kama mbegu ya mahindi inayopasuka kwenye kikaango, na ile harufu ikajaa chumbani, kali, ya kitu kilichoungua kabisa. Transista zote mbili zilikuwa zimekwenda.

Alizifungua akazipima uzito kiganjani. Alisema, kama anayejisemea, kwamba ni za bandia. Zimeandikwa namba ile ile, zina kofia ile ile, na ndani ni takataka. Kisha akaweka kipaji cha uso juu ya meza, kati ya koleo na waya, akakaa hivyo. Mabega yake hayakutikisika. Nilikuwa nimezoea kwamba mtu akilia anatikisika, kwa hivyo nilidhani amelala. Niligusa mkono wake, ulikuwa baridi ilhali jiko liko pale pale.

Mama alitukuta hivyo. Walikuwa wamerudi kuchukua nguo kavu na habari, na habari hazikuwepo. Walikuwa wamepita Kiminini yote. Gambuti zilikuwa zimemchubua, alitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Akaangalia meza, akaangalia kichwa cha baba, akaangalia zile kofia mbili za chuma. Nilingoja aseme lile alilokuwa na haki ya kulisema.

Aliuliza, "Imeungua kwa nini?"

Baba alieleza bila kuinua kichwa. Transista zilikuwa za bandia, lakini hata zingekuwa za kweli, bati lile ni jembamba mno, halivuti joto. Ilihitajika aluminiamu, pana, nene.

Mama akaingia upande wa jikoni. Alikuwa na sufuria moja kubwa, ya kupikia wageni, aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa, ambayo sisi watoto tulikatazwa hata kuisugua kwa mchanga. Akaja nayo akaiweka mbele ya baba.

"Kata hii," alisema.

Baba akainua uso. Mama akaketi kwenye kigoda changu, akavua gambuti moja, akasema tena, sasa kwa sauti iliyopasuka katikati, "Kata, bana. Nimemwita huyo mtoto kwa mdomo mpaka mdomo umeisha. Kata."

Mjomba ndiye aliyetatua jambo la transista. Alikumbuka rafiki yake wa Bungoma aliyekuwa akipiga muziki kwenye harusi, ambaye amplifaya yake ilikufa baada ya panya kula waya na transfoma kuungua. Akaenda na kurudi. Ilikuwa imejaa kinyesi cha panya, lakini zile kofia mbili zilikuwa nzima, nzito, za kweli. Baba alizipima akazishika kama mayai. Nami nikaketi tena, nikasoma tena rangi, kwa sababu baadhi ya vipande viliungua pamoja na zile transista za mwanzo na ilibidi vibadilishwe. Nje nilisikia msumeno wa chuma ukilia kwenye sufuria ya mama. Alikuwa anaikata mwenyewe, mjomba ameishikilia.

Betri zilitoka kwa majirani. Baba alitaka nne, ziunganishwe moja baada ya nyingine ili sauti ipate nguvu, na watu wa Matisi wakazileta wenyewe, wengine wamezibeba mgongoni kwa leso kama watoto. Kuna baba mmoja aliyekuja na ya kwake akasema ina chaji kidogo tu, tumwie radhi, jana ilitumika kuangalia mpira. Spika tulitoa kanisani. Tukapakia vyote kwenye pikapu, tukafunika kwa nailoni, na asubuhi yenye ukungu tukateremka.

Mpango ulikuwa rahisi. Kila penye nyumba, mama alisema kwenye maikrofoni, akiwaambia watu: mtoto wa kiume, sweta ya kijani, hasikii, hasemi, ana kovu nyusi ya kulia. Hayo yalikuwa ya watu. Kisha baba aliilaza maikrofoni chini ya kipande cha ubao, akagonga ule ubao kwa kifundo. Hiyo ilikuwa ya Simiyu. Dum. Dum-dum. Sauti ile iliingia kwenye mahindi, majani yakatikisika, ndege wakaruka. Ng'ombe waliinua vichwa. Mbwa mmoja alitufuata akibweka mpaka akachoka. Tuligonga, tukazima injini, tukangoja, tukiangalia ule ukuta wa kijani kama unaweza kufunguka. Haukufunguka. Tukasogea kidogo, tukagonga tena.

Mbali na kule kugonga, sikumbuki tukizungumza. Mama alikuwa akirudia maneno yake kila kituo kwa mpangilio ule ule, na kila aliporudia, neno "hasemi" lilikuwa likizidi kuwa dogo. Nilikaa nyuma ya pikapu kati ya magoti ya baba, ameshika ukosi wa sweta yangu kwa mkono wa kushoto na kugonga kwa wa kulia. Kifundo kilichubuka, kikatoa damu. Alibadilisha kidole. Mahali fulani mvua ikatupiga, tukalala wote juu ya zile betri kuzikinga.

Tulipofika Kamukuywa mvua ilikuwa imekatika na betri zilikuwa zinachoka. Sauti ilikuwa imeanza kuwa na mkwaruzo. Baba aligusa kipande cha sufuria akaondoa kidole haraka. Kilikuwa cha moto. Alimwambia mjomba kwamba imebaki kidogo tu, baada ya hapo ni kimya. Tukasimama nyuma ya soko, palipoteremka kuelekea mashamba. Mama akasema maneno yake. Baba akagonga.

Watu walikusanyika, kama watu wanavyokusanyika. Wengine walitupa pole. Mzee mmoja aliuliza tunauza dawa gani. Baba aliendelea kugonga. Kisha kwenye kijia kilichotoka mahindini akatokea mwanamke amekunja leso mpaka magotini, mikono yake ina udongo wa palizi hadi viwiko, anapumua kwa kasi.

"Ni nyinyi mnagonga?" aliuliza.

Mama akamshika mkono wenye udongo.

Yule mwanamke alizungumza haraka, akichanganya Kibukusu na Kiswahili. Alimkuta mtoto kwenye kibanda chake cha kukaushia mahindi, ana homa, amelowa. Amempeleka kwa chifu, chifu akasema akae naye kwanza mpaka wenyewe waulize. Amempa uji. Anaunywa, lakini amelala ameelekea ukuta tangu aje, hageuki, yeye amedhani atamfia mikononi. "Sasa hivi," alisema, "hiyo kitu yenu imelia, na yeye akaamka. Akaweka mkono kwa ukuta. Hivi." Akatuonyesha kiganja chake kimefunguliwa hewani.

Mama alikuwa ameshaanza kukimbia. Akiwa kwenye kijia akageuka akamwambia baba, "Usiache kugonga." Nilitaka kumfuata, ukosi ukanivuta nyuma. Mimi nikabaki.

Kungoja kule ndiko kulikuwa kubaya kuliko siku zote zilizotangulia, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kungojea. Baba aligonga. Sauti ilizidi kufifia, ikawa kama mtu anayegonga akiwa chumba cha tatu. Midomo yake ilikuwa ikienda. Nilifikiri anahesabu, kumbe anasali. Na yale mahindi, niliyoyaangalia siku nzima mpaka nikayachukia, yakatikisika kwa chini.

Simiyu ndiye aliyetangulia. Alikuwa anamvuta mama kwa kidole. Amevaa fulana ya mtu mzima, miguu imejaa vidonda, macho yamevimba kwa homa, na hakututazama hata mmoja wetu. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye pikapu, akanyoosha mikono abebwe, mjomba akambeba, na yeye akabandika shavu kwenye spika.

Baba aliendelea kugonga. Mama alimwambia basi, mjomba akamwambia shemeji, basi, amefika. Hakusikia. Alikuwa akimwangalia mtoto huyo huyo na bado anamwita. Mwishowe mjomba akamshika kifundo cha mkono, akaubonyeza taratibu juu ya ubao na kuushikilia pale. Ndipo baba akatikisika.

Simiyu alilazwa, akapona. Kwa muda mrefu hakukubali mlango ufungwe kati yake na mama. Mwanamke yule wa Kamukuywa tukawa jamaa. Mpaka leo yeye ndiye wa kwanza kualikwa nyumbani kukiwa na jambo. Amplifaya baba aliimalizia vizuri akaipeleka kanisani kama alivyoahidi, na ilifanya kazi miaka mingi, kipande cha sufuria ya mama kikiwa kimetokeza kwa nyuma na mshikio wake mmoja. Baada ya hiyo hakuunda kitu kingine.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kisa kimeishia hapo. Kisha nikaingia kidato cha tatu. Siku moja kwenye maabara mwalimu wa fizikia akatugawia rezista na mita, akatuonyesha namna ya kupima. Unagusisha nyaya mbili, mshale unakuambia nguvu. Akasema kwa wale wasiopenda kukariri rangi, mita inatosha, rangi si lazima kabisa. Wenzangu walifurahi. Mimi niliendelea kushika zile nyaya muda mrefu, mshale umesimama, mpaka jirani yangu akanidai zamu yake.

Likizo ilipofika nilimkuta baba uani akipukuchua mahindi. Nilikaa karibu naye, nikachukua gunzi langu, nikamwuliza kwa nini alinisomesha zile rangi ilhali alikuwa akipima kila kimoja mwenyewe.

Alipukuchua mistari kadhaa ya punje. Baba hakuwa amewahi kuitaja ile siku ya soko, wala sisi hatukumtajia.

"Nikiinama kwa waya sikuwa naona mlango," alisema. "Ukisoma, nilijua uko."

Akachukua gunzi lingine. Nikainuka nikashika ndoo, nikaenda kuteka maji, ingawa pipa la nyumbani lilikuwa limejaa.